Kiapo Kilichosahau Kiingereza

Watu wa mtaa wa Buyenzi wana midomo, hilo halina ubishi, lakini mdomo wa Radjabu ulikuwa na cheo chake. Alikuwa fundi wa magari, na akiwa chini ya gari akiita "Pumbavu!", nusu ya mtaa ilikuwa inageuka. Sasa mtu wa namna hiyo akiapa, haapi kidogo. Siku aliyomwapia dada yake Kudra alisimama katikati ya uwanja, mbele ya wanawake wa matanga, akainua kidole juu.

"Wallahi! Wallahi! Sitasema tena na Kudra mupaka nakufa! Si kwa Kiswahili, si kwa Kirundi, si kwa Kifaransa! Ata Kilingala, apana!"

Kilingala alikijua kwa nyimbo tu. Lakini alipofika hapo hasira ilikuwa bado imebaki na lugha zilikuwa zimemwishia, akaongeza hicho.

Na kisa chenyewe? Mama yao, Mama Sijaona, alizidiwa Radjabu akiwa Nyanza-Lac anatengeneza lori la watu. Akapigiwa simu, akaruka ndani ya gari lake, na gari likamfia njiani, karibu na Rumonge. Fundi mzima! Alipofika nyumbani, mtoto pekee wa kiume, mikono myeusi kwa oili, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na watu wanakunywa chai. Kudra ndiye aliyemuuguza mama, ndiye aliyemwosha, na alikuwa amelia peke yake tangu alfajiri. Akamwangalia kaka yake kuanzia juu mpaka chini, na maneno yakamtoka.

"Fundi wa magari ya watu wote, yako inakufia njiani! Mama amekwenda. Rudi kwa garaji yako."

Mwanamke mmoja akacheka. Ni kile kicheko kilichomfanya Radjabu ainue kidole.

Tangu siku hiyo wakakaa miaka, uwanja mmoja, milango inatazamana, bila neno. Yaani bila neno la uso kwa uso. Maana katikati ya uwanja kulikuwa na robine, bomba la maji la nyumba zote mbili, na Radjabu akagundua kwamba hakuapa kutosema na robine.

"We robine," anasema asubuhi akinawa uso, "kuna watu wameacha moshi yao inaingia kwa nyumba ya wengine. Uwaambie."

"Robine," anajibu Kudra kutoka jikoni, "waambie ao watu wafunge dirisha. Mungu aliwapa mikono."

Robine ikawa inajua mambo ya familia ile kuliko shehe wa msikiti. Wapangaji wapya walikuwa wanaogopa kuteka maji, wakidhani nyumba ina majini.

Lakini Mungu si Athumani. Kudra, mjane wa siku nyingi, muuza vitenge, mwanamke aliyekuwa ameshasema basi imetosha, akapata mchumba. Aliitwa Ilyasi, anauza vipuri vya baiskeli huko Kanyosha, naye mke wake alikuwa amefariki. Mtu mpole, anakunywa chai taratibu, anacheka wakati wengine wameshamaliza kucheka. Kudra alimpenda. Semeni mnavyotaka juu ya umri wake, alimpenda mpaka akawa anaunguza maandazi.

Tatizo la Ilyasi lilikuwa moja: hajui kukataa. Na dada yake wa Rumonge alikuwa amemtafutia mke mwingine.

"Tuoane mbele ya Ramadhani, Kudra," akamwambia. "Kama mufungo unaingia na mi bado niko peke yangu, dada atakuja na uyu mwanamuke ndani ya basi. Namujua. Na mi nitasema ndiyo." Hakuwa anatishia. Alisema kwa huzuni ya mtu anayejua makosa yake.

Kudra akakimbilia kwa shehe Twahiru, mzee aliyewaozesha nusu ya mtaa. Shehe akamweleza bila kuzunguka. Baba yake hayupo, kwa hiyo walii wake, yaani mwenye haki ya kumwoza, ni Radjabu. Walii lazima amuulize kwanza. Msichana ambaye hajaolewa akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini.

"Lakini we ni mjane," akasema shehe. "Mjane anaulizwa, na anajibu kwa mudomo wake. Bila ivyo, mi sifungi ndoa."

Jioni hiyo Kudra akasimama mbele ya robine. Upande wa pili Radjabu alikuwa anapiga mswaki.

"Robine, kuna mutu anataka kuolewa na Ilyasi wa Kanyosha. Anaomba walii wake amuoze."

Mswaki ukasimama. "Robine," akasema Radjabu baada ya kutema povu, "uyu Ilyasi namujua. Ni mutu muzuri. Nitamuoza mi mwenyewe."

"Alhamdulillahi! Robine, muambie basi aje aniulize."

Maji yalikuwa yanamwagika bure. "Robine," akasema Radjabu, "apo iko shida."

Shehe Twahiru akaitwa. Akakaa kwenye kiti uwanjani, Radjabu mbele yake, Kudra nyuma ya pazia la mlango. Akaanza na lililo rahisi: kiapo kina kafara, Radjabu alishe masikini kumi, mambo yaishe.

"Nilishe masikini kumi juu ya mudomo ya Kudra? Mi sikukosa. Aliyekosa alishe!"

Basi amtume wakili, mtu mzima mwenye akili zake, aulize kwa niaba yake.

"Apana." Hapa sauti ya Radjabu ikashuka. "Mazishi ilinipita, shehe. Ndoa ainipiti. Nitakuwa mi mwenyewe." Halafu macho yake yakaangukia bombani, yakang'aa. "Kwa nini robine isimuulize?"

Shehe Twahiru akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Radjabu. Robine aiwezi kuwa wakili."

"Kwa sababu gani?"

"Si mwanaume, aijabaleghe, na sijawahi kuiona musikitini."

Nyuma ya pazia Kudra akafunika uso kwa mikono. Alikuwa anaona basi la Rumonge linaingia Kanyosha, na yule mwanamke anashuka na masanduku yake. Ndipo shehe akauliza kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, "Hebu rudia. Uliapa kwa lugha gani na gani?"

Hakukuwa na haja ya Radjabu kurudia. Majirani waliokuwa wanasikiliza ukutani wakarudia kwa pamoja: Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, Kilingala.

"Kiingereza ulikitaja?"

Radjabu akahesabu kwa vidole, vikaishia vinne. Ukutani mtu mmoja akasema, "Ee Mola wangu."

Sasa, Kiingereza wote wawili walikuwa nacho kidogo. Radjabu ujanani alifanya kazi garaji ya Mombasa, na Kudra alikuwa anafuata bidhaa Kampala. Lakini kilikuwa Kiingereza cha kusukumana: toa, weka, ghali, ondoka. Kudra angekubali hata hicho, hapo hapo, na viatu mkononi. Radjabu akakataa kata kata.

"Nimuulize dada yangu neno la ndoa na Kiingereza ya spana, mbele ya watu? Wanicheke tena? Mi nitasoma kwanza."

Akaenda kujiandikisha mtaa wa Rohero, kwenye masomo ya jioni, darasa lililokuwa juu ya duka la magodoro. Kudra alipopata habari kwa robine, naye akaenda. Alifikiri hivi, na sioni kosa lake: huyu mtu akisoma sana, ataniuliza kwa maneno makubwa, nami sitajua nimeulizwa nini siku ya harusi yangu mwenyewe. Wakafanyishwa mtihani, na kwa sababu wote wawili walisema mengi bila aibu, wakawekwa darasa moja: kiwango cha kati cha juu.

Mwalimu wao aliitwa Madamu Léoncie, dada mwembamba aliyesomea Kampala, mwenye imani moja kubwa: kwamba ugomvi wote wa dunia unaanzia kwa mtu aliyesema "Nataka." Darasani kwake neno hilo lilikuwa haramu. Hutaki kitu, unakuwa ulikuwa unajiuliza iwapo ingewezekana. Hukatai, unasikitika kwamba itakuwa vigumu. Na wazo haliachwi peke yake, linashikwa mkono na jingine: *although* (ingawa) huku, *however* (hata hivyo) kule, *therefore* (kwa hiyo) mwishoni. Alikuwa anasema sentensi bila kiunganishi ni mtu aliyetoka nyumbani bila kuaga.

Darasa likaiva adabu mpaka ikawa balaa. Régis, karani wa benki, alikuwa haombi kalamu bila kutanguliza *furthermore*. Jioni moja walifika mlangoni wote pamoja, kila mmoja akamwomba mwenzake atangulie, mwenzake akasikitika kwamba itakuwa vigumu, wakasimama hapo wakiinamiana mpaka mlinzi akawafungia ndani. Wakagonga mlango, lakini kwa adabu, kwa hiyo mlinzi akachelewa kusikia.

Garajini mambo yalikuwa mabaya zaidi. "Nilikuwa najiuliza," Radjabu akamwambia fundi wake mmoja, "kama aitakusumbua, unipe spana ya kumi na tatu." Yule fundi akaangusha spana, akamshika paji la uso bosi wake, akamletea maji ya sukari. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba Radjabu ameambiwa na daktari habari mbaya. Hata robine ilipata heshima yake. "Robine, nisamehe kwa usumbufu, ingawa moshi ya jikoni ni neema, ata ivyo inaingia chumbani kwangu."

Kudra alicheka kwa hayo, lakini kicheko hakikufika mbali. Shaabani ilikuwa imeingia. Ramadhani iko mlangoni, na Radjabu bado anajifunza. Kila akiulizwa kupitia bomba ni lini, jibu ni lile lile: "Robine, viunganishi bado aijanikaa." Darasani anakaa kona ya mbele, Kudra kona ya nyuma, na Madamu Léoncie, mgeni wa mambo ya Buyenzi, hakujua hata kwamba wale wawili wanajuana. Na Ilyasi alikuwa amepiga simu. Dada yake ameuliza saa za basi.

Siku hiyo Madamu Léoncie akaandika ubaoni neno "hoteli".

"Mgeni amefika amechelewa," akasema. "Gari lake limeharibika njiani. Chakula kimeshakwisha. Mpokeaji wageni anamweleza kwa upole. Viunganishi vyote, tafadhali." Akaangalia darasa, akanyoosha chaki. "Bwana Radjabu, wewe ndiye mgeni. Madamu Kudra, wewe ndiye mpokeaji."

Kudra angeweza kusema anaumwa tumbo. Lakini alikumbuka basi, akaenda mbele, akasimama nyuma ya meza. Kaka yake akaja akasimama upande wa pili, macho ubaoni. Kiingereza chao nitakileta kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, maana ndivyo kilivyosikika.

"Habari za jioni," akasema Radjabu. Neno la kwanza, baada ya miaka yote ile. "Naomba radhi kwa usumbufu. Nasikitika kwamba nimechelewa, kwa sababu gari langu liliharibika njiani."

"Karibu sana, bwana. Pole kwa safari." Kudra akatazama kitabu. "Kwa bahati mbaya, chakula kimekwisha."

"Naelewa. Hata hivyo, nilipiga simu kusema kwamba nipo njiani. Nilikuwa najiuliza iwapo isingewezekana kuningoja kidogo."

Kitabuni jibu lilikuwa tayari: tungependa sana kukungoja, ila haikuwezekana. Kudra akaliona ukurasani, akashindwa kulisoma. Kwa sababu asubuhi ile ya mazishi shehe Twahiru alimuuliza, je, tumngoje Radjabu mpaka alasiri? Na yeye ndiye aliyesema apana, tuzike. Shehe hakumtaja kwa mtu, na watu wakadhani ndivyo ilivyopangwa.

"Ingawa iliwezekana kukungoja," akasema polepole, "hatukukungoja. Mimi ndiye niliyeamua. Nilikuwa nimechoka sana. Zaidi ya hayo, nilikuwa na hasira, kwa kuwa niliachwa peke yangu."

"Vizuri sana hiyo *zaidi ya hayo*," akasema Madamu Léoncie. "Lakini hoteli haimwambii mgeni maneno kama hayo."

Radjabu akageuza shingo. Sasa alikuwa anamwangalia dada yake usoni. Mdomo wake ukafunguka, ule mdomo wenye cheo, na kama mngekuwa na mtoto hapo mngemziba masikio. Akatafuta tusi. Lakini Kiingereza alichopewa na Madamu Léoncie hakikuwa na tusi hata moja ndani yake. Akapekua huku, akapekua kule; akakuta naomba, akakuta nasikitika, akakuta nathamini. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

"Nathamini maoni yako," akasema. "Hata hivyo, naona vigumu kukubaliana nayo, kwa sababu yaliniumiza sana."

Kudra alikuwa amesikia kutoka kwa mtu huyu matusi ya kila aina, tangu utotoni. Kwamba ameumia, hajawahi kusikia hata siku moja.

"Nilikuwa najiuliza," Radjabu akaendelea, sauti imekuwa ndogo, "iwapo aliniulizia."

"Nani aliyekuulizia?" akasema Madamu Léoncie. "Bwana Radjabu, hotelini kuna watu wawili tu." Régis akainuka, akamwomba mwalimu, kwa adabu aliyofundishwa na yeye mwenyewe, kama haitakuwa shida, anyamaze.

Kudra akashika ukingo wa meza. Kulikuwa na neno alilokaa nalo miaka yote. Mara ngapi alifungua robine alisemee pale, akafunga. Halikuwa neno la kupitisha bombani. Na kumwambia uso kwa uso, baada ya kiapo kile, kiburi kilikataa. Mama Sijaona, pumzi zikimwishia, alisema, "Mwambie Radjabu asikimbize gari." Basi. Ndilo la mwisho alilosema duniani.

"Ndiyo, bwana," akasema Kudra. "Alikuulizia. Alikuachia ujumbe, na mimi sikuufikisha, jambo ambalo ninalijutia sana. Alisema kwamba, ingawa angefurahi mno kukuona, angeshukuru iwapo usingeendesha kwa kasi."

Mama Sijaona hakujua neno moja la Kiingereza, na maishani mwake hakumwambia mtu "ningeshukuru iwapo". Alikuwa mwanamke wa kurusha kandambili. Lakini Radjabu alimsikia. Ilionekana usoni kwamba amemsikia, yeye na sauti yake. Akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi wa mbele, juu ya mkoba wa mtu, akafuta macho kwa kiganja.

Halafu, maana alikuwa mwanafunzi mzuri na zoezi lilikuwa halijaisha, akasimama tena. "Nakushukuru kwa taarifa," akasema. "Ningeomba ufunguo wa chumba changu."

Kudra hakuwa na ufunguo wa hoteli. Akatoa mkobani ufunguo wa nyumba yake, akampa. Radjabu akaupokea kwa mikono miwili, akainama, akatoka. Kudra alipofika nyumbani aliukuta umetundikwa kwenye robine, na robine imefungwa vizuri, haidondoki hata tone.

Asubuhi Radjabu akaja kunawa uso. "Robine," akasema, "viunganishi imenikaa. Ijumaa."

Ijumaa hiyo uwanja ulijaa. Wote waliokuwepo siku ya kiapo walikuja kuona Kiingereza kitafanya nini. Ilyasi alikuwa amekaa mkekani amevaa kanzu mpya, anacheka kila baada ya muda juu ya vichekesho vya zamani. Madamu Léoncie aliitwa awe mkalimani, maana mashahidi lazima waelewe kilichosemwa, akajifunga mtandio wa kuazima. Shehe Twahiru alisita kidogo juu ya Mkristo kuingia kwenye idhini ya ndoa, kisha akasema, "Anatafsiri lugha, si dini. Aingie."

Kudra alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimefunikwa, mikono yote hina. Mlango ukafunguliwa. Radjabu akaingia na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakakamaa, nyuma yake shehe, mashahidi na Madamu Léoncie. Akakohoa.

"Habari za asubuhi," akaanza kwa Kiingereza. "Natumaini sikusumbui. Nilikuwa najiuliza, kama haitakuwa usumbufu kwako, iwapo ungekuwa tayari kufikiria uwezekano wa..."

"Ameuliza?" akanong'ona shehe.

"Bado," akasema Madamu Léoncie. "Anakaribia."

"...uwezekano wa jambo ambalo, ingawa ni kubwa, hata hivyo ni la heri, na zaidi ya hayo linapendeza, kwa kuwa bwana Ilyasi..."

"Sasa?"

"Bado, shehe. Ila anaunganisha vizuri sana."

"...na ingawa mama yetu hayupo hapa leo..." akasema Radjabu, akakwama.

Neno lililofuata alikuwa analijua. Walilifanyia mazoezi jioni tatu. "*However*," akamnong'oneza Madamu Léoncie. "*However*," akasema Radjabu, na sentensi ikagoma. Akajaribu tena, "*However*," ikagoma tena. Nje wanawake walikuwa wamebana pumzi. Kudra akiwa chini ya mtandio aliona viatu vya kaka yake tu, na tone moja likaanguka kwenye kiatu cha kulia.

"Kudra," akasema Radjabu. Kwa Kiswahili. Nje mtu akaangusha sinia. "Kudra mudogo wangu. Unamutaka uyu mutu?"

"Namutaka, kaka."

"Nikuoze?"

"Unioze."

"Nimesikia," akasema shehe Twahiru haraka, kabla ya mtu kuleta kiunganishi kingine. "Na kiapo kimevunjika. Masikini kumi, Radjabu."

"Ata makumi mawili! Pilau iko!" Radjabu alikuwa ameshapata sauti yake ya garajini. Vigelegele vikapasuka mpaka kuku wakapanda ukutani, na Madamu Léoncie, ambaye kazi yake ilikuwa imeisha bila kutafsiri kitu, alikuwa analia kuliko wote.

Ndoa ikafungwa. Ilyasi na watu wake wakatangulia Kanyosha, ambako kulikuwa na karamu ya pili. Bibi arusi atapelekwa na kaka yake, ndani ya gari la kaka yake. Hilo Radjabu hakutaka hata lijadiliwe. Kudra akakaa kiti cha mbele na maua yake, wakashika barabara ya kusini. Radjabu aliendesha taratibu mno, baiskeli za wauza ndizi zikawapita.

Walipofika Kibenga gari likakohoa. Likakohoa tena, likatoa moshi mbele, likajivuta pembeni ya barabara, likafa.

Ilikuwa barabara ile ile ya Rumonge. Radjabu akazungusha ufunguo mara mbili, bure. Alikaa ameshika usukani, na Kudra akaona masikio yake yanakuwa mekundu. Halafu akashuka, akafungua boneti, akaingiza kichwa na kanzu yake yote.

"Panda gari ya mutu mwingine, Kudra," akasema kutoka mle ndani, bila kumwangalia. "Watu wanangoja. Iyi gari naijua. Itakawia."

Dereva wa pikipiki akapunguza mwendo, akapiga honi: bibi arusi, panda nikufikishe! Kudra akampungia mkono aende. Kisha teksi ikasimama, na dirishani akatokea Madamu Léoncie, mtandio umemwangukia shingoni. Alikuwa anaelekea karamuni. Akaona gari, akaona moshi, akaona bibi arusi, na kwa sababu mwalimu ni mwalimu hata barabarani, akasema kwa Kiingereza, "Nilikuwa najiuliza iwapo ungependa nikupe nafasi katika teksi hii."

Kudra akafikiri. Huko Kanyosha pilau inapoa. Wageni wanaangalia saa, Ilyasi amesimama mlangoni hajui amwambie nani nini. Akapanga sentensi yake kichwani, kipande baada ya kipande, kisha akaitoa.

"Wewe ni mkarimu sana, nami nakushukuru kwa moyo wote. Hata hivyo, nasikitika kwamba sitaweza kukubali, kwa kuwa namngoja kaka yangu."

Madamu Léoncie akatafuta kosa. Hakuliona. Akafunga kioo polepole na teksi ikaondoka.

Ndani ya boneti sauti ya vyuma ilikuwa imekatika. Halafu Radjabu akavuta makamasi kwa nguvu, na sauti yake ikatoka, ile ya zamani, ile iliyokuwa inageuza nusu ya mtaa.

"We Kudra! Umekaa apo unafanya nini, pumbavu? Lete spana ya kumi na tatu, iko chini ya kiti!"

Kudra akavua viatu vya harusi, akalikunja gauni mkononi, akampelekea.